Herufi ya Tatu Inapobeba Tangazo Zima

"Waliojiandikisha wapange foleni dirisha la kwanza, wasiojiandikisha dirisha la pili." Tangazo la namna hii likibandikwa kwenye ofisi ya kata, iwe Makole au Hombolo hapa Dodoma, si ajabu kukuta watu wamesimama foleni isiyo yao. Haraka husemwa kwamba wananchi hawasomi. Mimi naona wamesoma, tena wamesoma kwa namna ileile jicho la binadamu linavyosoma, na kosa liko kwa aliyeandika. Yahesabu maneno hayo mawili: kila moja lina herufi 16, na 15 kati ya hizo ni zilezile, mahali palepale. Aliyekwisha kujiandikisha na ambaye bado wametenganishwa na herufi ya tatu peke yake. Huyu ana l, yule ana s.

Msomaji wa Kiswahili hulitambua neno kwa herufi zake, na lugha yetu imeweka habari nzito kuliko zote kwenye herufi chache za mbele za kitenzi kirefu: nani, lini, ndiyo au hapana. Anayeandaa tangazo, kitabu cha darasa la kwanza, lebo ya dawa au kibao cha daladala bila kulijua hilo humwachia msomaji kazi ambayo ilipaswa kumalizwa mezani kwake.

Tuanze na jicho lenyewe. Macho hayatelezi juu ya mstari kama tunavyohisi. Huruka na kutua, huruka na kutua. Kila mtuo wa msomaji mzoefu huchukua milisekunde 200 hadi 250 hivi, na mruko wenyewe milisekunde 20 hadi 35, muda ambao hakuna andiko jipya linaloingia. Katika Kiingereza, lugha iliyopimwa kuliko zote, mruko wa kawaida huvuka herufi 7 hadi 9, na miruko 10 hadi 15 katika kila 100 hurudi nyuma kutazama tena kilichopita. Jicho limelazimika kuruka kwa sababu ya maumbile yake: sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayoona kwa ukali ni doa dogo la katikati, linalofunika nyuzi 2 tu za mtazamo, karibu upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Nje ya hapo herufi hufifia upesi.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani George McConkie na Keith Rayner walifanya jambo la werevu mno. Waliiunganisha kompyuta na kifaa cha kufuata macho, kisha wakaionyesha matini halisi mahali jicho lilipotua tu, huku pembeni kote herufi zikibadilishwa kuwa x. Jicho likihama, dirisha lilihama nalo. Kwa kulipunguza na kulipanua dirisha hilo, njia hii ilionyesha kiasi ambacho msomaji hukitumia kwa mtuo mmoja: herufi 3 au 4 upande wa kushoto, na 14 au 15 upande wa kulia. Lakini hizo 14 au 15 za kulia hazisomwi zote. Utambuzi wa herufi yenyewe huishia kwenye ya 7 au ya 8. Zaidi ya hapo msomaji huona nafasi kati ya maneno, yaani huona neno lijalo ni refu au fupi, na kwa hiyo jicho litue wapi.

Dirisha hilo hugeuka kufuata mwelekeo wa maandishi. Mwaka 1981 ilionyeshwa kwamba wasomaji wa Kiebrania, kinachosomwa kutoka kulia, huvuna zaidi upande wa kushoto, na haohao wakisoma Kiingereza dirisha hurudi kulia. Mtoto wa Kondoa anayetoka shule ya msingi mchana na kuingia madrasa jioni anafanya kazi hiyohiyo pande zote mbili. Anastahili kuonekana kama msomaji hodari, ingawa kuna wanaodhani "anachanganywa".

Sasa weka hesabu hiyo juu ya neno la herufi 16. Jicho hupenda kutua kushoto kidogo mwa katikati ya neno, hapa tuseme herufi ya 6 au ya 7. Ya tatu bado iko ndani ya eneo linalosomeka, ila si mahali penye ukali wa mwisho. Mkia wa neno, yaani "dikisha", uko mbali, na mara nyingi neno refu kiasi hiki huhitaji mtuo wa pili. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtuo wa pili hutua kwenye mkia ambao katika maneno yote mawili ni uleule, na mkia huo humthibitishia msomaji kwamba alichokisoma mwanzoni ni sahihi, hata kama sicho. Ikiwa neno lililotangulia kwenye mstari ni "waliojiandikisha", basi karibu kila herufi ya neno la pili inamrudisha kwa la kwanza.

Wapo wanaoamini kwamba hatusomi herufi bali tunatambua umbo la neno zima: vilele vya b, d, k na l, na mikia ya g, p na y. Imani hii inasikika sana kwa wabunifu wa mabango, na baadhi ya walimu huitumia kuhalalisha kumkaririsha mtoto maneno kama picha. Mizizi yake ni ya kale. Mwaka 1886 James McKeen Cattell alionyesha kwamba mtu akionyeshwa maandishi kwa kitambo kidogo sana hushika neno kwa urahisi kuliko herufi zilizopangwa ovyo. Wengi wakahitimisha kwamba neno huonwa kabla ya herufi.

Kiswahili kinaivunja imani hiyo bila hata kwenda maabara. Andika kwa herufi ndogo: anasoma, amesoma. Herufi saba na saba, hakuna kilele, hakuna mkia. Zungushia kila neno mstari wa penseli, utapata visanduku viwili vinavyofanana. Fanya hivyo kwa wanasema na wamesema. Fanya kwa pana, para, pasa na paza. Kama tungesoma kwa umbo, Mswahili asingejua mtu anasoma sasa hivi au amemaliza, na magazeti yetu yasingesomeka. Tunajua kwa sababu tunaiona n na tunaiona m, tunaiona a na tunaiona e.

Basi kwa nini neno hushikwa vizuri kuliko herufi za ovyo? Jibu lilikuja na jaribio la Gerald Reicher la mwaka 1969, lililothibitishwa na Daniel Wheeler mwaka uliofuata. Kwa mfano wa Kiswahili lingekuwa hivi. Msomaji anaonyeshwa "meza" kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha alama za kufunika, kisha anaulizwa: herufi ya kwanza ilikuwa m au w? Angalia ujanja uliomo. Meza ni neno na weza ni neno, kwa hiyo kubahatisha kwa kujua maneno hakumsaidii. Hata hivyo wasomaji hujibu kwa usahihi zaidi herufi ikiwa ndani ya neno kuliko ikiwa katika fungu lisilo neno, na hata kuliko ikiwa imesimama peke yake. Mwaka 1981 James McClelland na David Rumelhart waliunda kielelezo kinachoeleza hali hiyo: herufi zote za neno huchambuliwa kwa wakati mmoja, kila herufi huamsha maneno yanayoihusu, na maneno yaliyoamka huzirudishia nguvu herufi zake. Herufi na neno vinasaidiana. Umbo la nje halihitajiki, na ndiyo maana faida ya neno hubaki hata ukichanganya herufi kubwa na ndogo, aNaSoMa.

Ubongo una mahali pake pa kazi hiyo, chini ya upande wa kushoto kuelekea kisogoni. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alimweleza mgonjwa aliyeweza kuandika lakini asiweze kusoma hata alichokiandika mwenyewe, baada ya kuumia upande huo. Hatuzaliwi na mahali pa kusoma. Mazoezi ndiyo huligeuza eneo la kutambua vitu likawa la kutambua maandishi.

Kinachokifanya Kiswahili kiwe na ugumu wake ni majirani, yaani maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. Silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, irabu ni tano tu, na kwa hiyo maneno mafupi yamesongamana. Chukua paka. Badili herufi moja tu upate kaka, taka, saka, waka, zaka, pika, pata, pana, papa, pasa, paza. Kila jirani anayefanana huamka kidogo jicho linapotua, na ni lazima herufi zote nne zionekane vizuri ili mmoja ashinde. Lugha yenye maneno machache yanayofanana humsamehe mchapaji aliyefifisha herufi. Kiswahili hakimsamehi.

Tazama vibao vya daladala hapa Dodoma. NKUHUNGU na NZUGUNI ziko pande mbili tofauti za mji, lakini kwa jicho lililo mbali ni ndugu: N mahali pa kwanza, U pa tatu, U pa tano, N pa sita. Urefu ni herufi 8 dhidi ya 7. Mtu aliyesimama kituoni, jua likimpiga usoni, gari likija kwa kasi, anapata mtuo mmoja au miwili ya jicho kabla ya kuamua kunyoosha mkono. Kwake kibao kinasema N-kitu-U-kitu-UN. Kuongeza ukubwa wa maandishi husaidia kiasi, lakini dawa hasa ni kumpa alama isiyotegemea herufi: rangi ya mstari wa njia, au namba kubwa kabla ya jina.

Kuna ujumbe maarufu ambao kwa miaka mingi umezunguka kwenye simu ukidai kwamba mpangilio wa herufi za ndani ya neno hauna maana mradi ya kwanza na ya mwisho zikae mahali pake. Jaribu: "Wnaanchi wtoe wfaike oifsnii." Ndiyo, unasomeka. Unasomeka kwa sababu maneno ni mafupi, ni ya kila siku, na sentensi inatabirika. Sasa jaribu: "wsiaojinadkiisha". Ni walio au wasio? Inabidi uanze kuhesabu herufi. Rayner na wenzake walipima gharama hiyo kwa Kiingereza mwaka 2006: kuvuruga herufi za katikati kulipunguza kasi ya kusoma kwa asilimia 11, za mwishoni asilimia 26, na za mwanzoni asilimia 36. Namba ya mwisho ndiyo ya kututia hofu, maana mwanzo wa kitenzi ndiko Kiswahili kilikoweka nafsi, wakati na ukanushi.

Tena kwetu kugeuza konsonanti mahali pake mara nyingi hakuzai upuuzi bali neno jingine kamili: kata na taka, lima na mila, kosa na soka. Programu inayokagua tahajia ya neno moja moja haiwezi kukamata kosa la aina hiyo. Mhariri ndiye hulikamata, tena akisoma polepole.

Nafasi kati ya maneno inastahili kuzungumziwa zaidi kuliko inavyozungumziwa. Kwa kuwa jicho hutumia nafasi kupanga mahali pa kutua, kuziondoa katika Kiingereza hupunguza kasi ya kusoma kwa takriban theluthi moja hadi nusu. Waandishi wetu wana kosa la upande wa pili: kuweka nafasi pasipohitajika. "Ana kuja", "wali fika", "sija lipa". Wengi huliona ni kosa la sarufi tu na kulipuuza. Kwa msomaji ni kosa la macho. Soma: "Fundi ana paka rangi." Jicho likitua kwenye "ana", limepata neno kamili, likitua kwenye "paka", limepata neno kamili pia, na fundi tayari ana mnyama. Neno "rangi" ndilo humrudisha msomaji nyuma kusuka upya "anapaka". Mruko wa kurudi nyuma, mtuo mwingine, na sentensi fupi imegharimu mara mbili. Zipo lugha za Kibantu zinazoandikwa kwa kutenganisha viambishi, kama Sesotho, na zipo zinazoviunganisha, kama isiZulu. Wasomaji wa kila upande wamezoea utaratibu wao. Kinachomchosha msomaji ni kuchanganya taratibu mbili katika ukurasa mmoja. Kiswahili sanifu kimechagua kuunganisha, nasi tushike hapo.

Kukata neno mwishoni mwa mstari kuna hatari hiyohiyo. Kompyuta nyingi maofisini zimeachwa kwenye lugha ya Kiingereza, na kwa kanuni za huko zinaweza kukata "wan-anchi" au "anay-eomba". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo ni wana-nchi na anaye-omba. Ukiweza kuchagua, kata mpakani mwa viambishi: wasio-jiandikisha. Usikate "wasi-ojiandikisha", maana "wasi" ikibaki peke yake mwishoni mwa mstari ni neno jingine. Bora zaidi, zima kabisa ukataji na upange maandishi kushoto, upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Kunyoosha pande zote mbili ni tabia ya barua zetu za serikali, lakini kwa lugha yenye maneno marefu hivi safu nyembamba hubaki na mapengo makubwa, na jicho hupoteza kipimo chake cha nafasi.

Mafundi wa mabango ya fleksi wana dhambi yao. Mteja ameleta maneno mengi, bango ni jembamba, na fundi anashika kona ya maandishi na kuyabana mpaka yaenee. Herufi husongamana. Mwaka 1970 Herman Bouma alionyesha kwamba herufi inayoonwa pembeni mwa jicho haitambuliki kama jirani zake wako karibu kuliko takriban nusu ya umbali wake kutoka katikati ya mtazamo. Maana yake, ukibana herufi unapunguza idadi zinazosomwa kwa mtuo mmoja, hata kama kila moja peke yake ni kubwa. Neno la herufi 16 lililobanwa linaweza kuhitaji mituo mitatu badala ya miwili. Usibane. Punguza maneno, au tumia fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, yenye nafasi zake zilizopimwa.

Vipi kuhusu herufi kubwa tupu? Katika matini ndefu hupunguza kasi ya kusoma kwa zaidi ya asilimia 10, na sababu kubwa ni mazoea: maisha yetu yote tumesoma zaidi herufi ndogo. Ukurasa mzima wa TANGAZO KWA UMMA kwa herufi kubwa, nzito, zilizopigiwa mstari, ni adhabu isiyo na faida. Lakini nisiwaonee wanaozitumia kwenye vibao. Kwa fonti ya ukubwa uleule herufi kubwa ni kubwa kweli, kwa hiyo jina fupi la mbali husomeka mapema likiandikwa hivyo. Kichwa cha habari na jina la njia, sawa. Aya, hapana.

Lebo za dawa na za viuatilifu zinanisumbua kuliko mabango. Vipimo vya macho vinaonyesha kwamba maneno ya herufi 2 au 3 hurukwa mara nyingi bila jicho kutua juu yake, wakati ya herufi 8 na zaidi karibu kila mara hutuliwa. Kiswahili kimeweka uthibitisho na ukanushi katika maneno mawili ya herufi mbili: ni na si. "Hii si ya kunywa" na "hii ni ya kunywa" hutofautiana kwa herufi moja, ndani ya neno ambalo jicho hupenda kuliruka, mbele ya neno refu linalolivuta. "Una" na "huna" pia ni mtego huohuo. Usiweke onyo la uhai juu ya "si". Taja kinachotakiwa kufanywa, kwa neno zima: "Paka kwenye ngozi tu." Kama ni lazima kukataza, anza na kitenzi, "Usinywe", kikae mstari wake peke yake, na mchoro kando yake.

Darasani, habari njema ni kwamba tahajia yetu ni nyoofu. Mtoto aliyeshika herufi na silabi anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona, jambo ambalo mwenzake wa Kiingereza hulisubiri kwa miaka. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikuwa sahihi kuweka uzito kwenye sauti na silabi. Kila neno ambalo mtoto amelitamka sawasawa kutokana na herufi zake huacha alama, na baada ya kukutana nalo mara chache huanza kulitambua kwa kulitazama tu. Hiyo ndiyo njia ya kufikia utambuzi wa haraka. Kukariri neno kama picha ni njia ya mkato inayoishia ukutani, hasa pale mtoto anapokutana na anasoma na amesoma.

Kinachoharibika ni wimbo. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu, mwalimu anapitisha fimbo kwenye chati, na mtoto wa nyuma anaimba huku akitazama dirishani. Anajua mpangilio, herufi hazijui. Vunja mpangilio. Onyesha bi, kisha bu, kisha da, kisha bi tena. Mpe jozi zinazotofautiana kwa herufi moja, pata na pita, meza na weza, aseme tofauti iko wapi kwa kidole. Mpe silabi zisizo neno, kama tugi, nepu, difo. Akizisoma, anasoma kweli, maana hana pa kuzikariri. Baada ya hapo mpe vitenzi vinavyorefuka hatua kwa hatua: soma, anasoma, anatusoma, anatusomea, hatatusomea. Jicho lake lijifunze kukagua mwanzo wa neno kabla ya kukimbilia mzizi anaoujua. Kosa la kawaida la watoto wa darasa la pili na la tatu liko hapo hapo: wanashika "som" na kubahatisha yaliyobaki.

Na tuache kupima kasi ya mtoto kwa maneno kwa dakika kana kwamba neno ni kipimo kimoja duniani kote. "Hawakutuandikia" ni neno moja, herufi 15, silabi 8. Habari hiyohiyo kwa Kiingereza ni maneno sita. Ukiweka lengo moja la maneno kwa dakika kwa lugha zote mbili, unamhukumu mtoto wa Chamwino kwa kosa la lugha yake. Hesabu silabi sahihi kwa dakika, ulinganisho utakuwa wa haki.

Wilayani Kondoa kuna jambo la ziada. Kirangi kina irabu saba, na tahajia yake huziandika mbili za ziada kwa i na u zenye mstari mdogo katikati. Msomaji aliyefundishwa kwa irabu tano za Kiswahili huziona kama i na u za kawaida, na mstari huo kwenye fotokopi ya tatu umeshapotea. Vijitabu vya Kirangi vinahitaji fonti kubwa kidogo na nakala safi kuliko vya Kiswahili, la sivyo tofauti ya maana inabaki kwenye mashine.

Sasa vipimo. Jicho lenye afya kamili hutambua herufi yenye urefu wa milimita 1.45 kwa kila mita ya umbali. Hapo ni mwisho wa uwezo, na kusoma kwa wepesi kunataka mara 2 hadi 3 ya hiyo. Mtoto aliyekaa dawati la mita 8 kutoka ubaoni anahitaji herufi a yenye kimo cha sentimita 3 na nusu, si ile ya sentimita 2 ambayo mkono wenye chaki huizoea. Kibao cha kusomwa mita 30 kinahitaji herufi za sentimita 9 hadi 13. Karatasi inayoshikwa sentimita 40 kutoka usoni inahitaji kimo cha herufi x kisichopungua milimita 1.4, ambacho kwa fonti ya Times ni pointi 9. Kwa wazee na kwa watoto wanaoanza, panda zaidi.

Bango la kusomwa mita 30 lijaribiwe kabla ya kulipia fleksi. Chapa mchoro wake ukiwa umepunguzwa mara 10, ubandike ukutani, msimamishe mtu mita 3 kutoka hapo. Achukuliwe mtu ambaye hajashiriki kuandaa, maana aliyeandaa husoma kumbukumbu yake. Mwonyeshe kwa sekunde mbili, funika, kisha umwulize afanye nini, usimwulize kilichoandikwa. Rudia kwa watu watano. Hata mmoja akienda dirisha lisilo lake, usikimbilie kubadili fonti, badili maneno. Kwa tangazo la uandikishaji maneno tayari yapo katika lugha ya kila siku, mafupi na yasiyofanana: "TAYARI: dirisha la 1. BADO: dirisha la 2."